Mpira Tulioazimwa Mpaka Tushindwe

Mwezi uliopita Simeoni alituita nyumbani kwake Rugenge tule pamoja, sisi wanne tuliobaki, na kabla hatujaketi mvua ikaanza kushuka kutoka milimani. Mkewe, Mama Estera, alikuwa ameanika ndagala, dagaa wetu wa ziwani, uani katika mabeseni mapana, kumi na mawili, ingawa nikisimulia mahali pengine nasema arobaini, na wajukuu wa kuyaingiza ndani walikuwa bado shuleni. Hakuna aliyetoa amri. Simeoni alikwenda kusimama kwenye mlango wa jiko, akiwa bado mrefu hata baada ya miaka kumkunja. Yakobo akajipanga katikati ya ua. Ladislasi akaegemeza fimbo yake ukutani, akasimama karibu nami. Mimi nikainua beseni la kwanza, nikamsogezea. "Iko ya nani?" nikauliza. "Haiko yangu," akajibu, na beseni likaondoka mikononi mwake kabla halijafika vizuri. "Haiko yangu," akasema Yakobo. "Haiko yangu," akasema Simeoni, na beseni likaingia jikoni. Matone makubwa yalipoanza kupiga bati tulikuwa tumemaliza, tunahema kama mashine za kuchambua pamba. Mama Estera alitutazama mmoja mmoja. "Nyinyi wazee," akasema, "hiyo kazi muliisomea wapi?" Nikamwambia ni hadithi ndefu. "Kwako weye, Redio, zote ni ndefu," akasema, akaenda kupakua. Kwa hiyo naiandika hapa, ambapo hakuna wa kuniambia nifupishe.

Wengine wakiandika maisha yao huanza na babu aliyetoka wapi na mto gani aliuvuka. Mimi nitaanza na chumba. Katikati ya miaka ya hamsini kolegi ya mapadri hapa Uvira ilikuwa na vijana wa masomo ya mchana, watoto wa kulala bweni wenye viatu vyeupe vya turubai, na ilikuwa pia na sisi, watu wa kozi ya jioni. Tuliingia saa kumi na moja, tukitoka kazini, tukaketi kwenye madawati yaliyotengenezwa kwa ajili ya watoto. Magoti ya Simeoni yalifika karibu na kidevu, na mwalimu wetu, Monitere Anselmi, alipotaka kuona daftari lake ilibidi kwanza amwombe asogeze mguu. Chumba kilinuka chaki, jasho, na pamba tuliyokuja nayo kwenye nywele. Tulikuwa wapakuzi wa bandari ya Kalundu, makarani wadogo, mpishi wa misheni, fundi wa cherehani. Nimesoma katika chumba kile miaka mitatu, nimetoka na cheti kilichopigwa muhuri, na hadi leo nikiona kosa la sarufi kwenye tangazo la ukutani nasimama kulisahihisha kwa kidole. Lakini nikikumbuka chumba kile, siyo sarufi inayokuja kwanza. Ni sauti iliyoingia dirishani. Nje, kwenye uwanja wa saruji, vijana wa mchana walikuwa wakicheza mpira wa kikapu, na mpira wao ulidunda pa, pa, pa, katikati ya kila sentensi ya Monitere. Tuliandika imla kwa mdundo ule.

Simeoni ndiye aliyekwenda kuomba mpira. Alikuwa mtu wa maneno machache, kwa hiyo aliniambia niende naye ili niseme. Padri aliyesimamia kolegi tulimwita Mupe Prefe, Mupe kama tulivyowaita mapadri wote, na alikuwa na ndevu ambazo ungeweza kufuga kuku ndani yake. Alitusikiliza, akaingia stoo, akatoka na mpira wa ngozi wa zamani, vipande vinane vilivyoshonwa pamoja, kimoja kikiwa na alama ya kiwanda cha Ulaya. Mshono ulikuwa umeanza kuachia. Vijana wa mchana walikuwa wameukataa. "Siwapi," akasema, "ninawaazima. Mutaingia katika mashindano ya shule kama wengine. Siku mutashindwa, munanirudishia mupira yangu." Nilimuuliza, "Na kama hatushindwi, Mupe?" Alitucheka sana, akatuambia twende salama. Simeoni hakucheka. Tulipofika njiani aliuweka mpira chini ya shati kama mtu aliyeiba tikiti maji, akasema, "Basi tusishindwe." Huo ndio ulikuwa mkutano wetu wote wa kuunda timu.

Tulikuwa watano na hatukuwa na wa akiba. Simeoni, mpakuzi, mrefu kiasi kwamba alichuma maembe kwa kuinama kidogo. Yakobo, Mrundi kutoka Mutarule, mtu wa mashamba ya mpunga aliyekuja kufanya kazi kwenye depo la pamba, anayeruka kama ardhi imemchoma. Ladislasi, fundi wa cherehani, mwenye macho mazuri na maneno mabaya. Mateso, mpishi wa misheni, mnene, ambaye ukimgonga unarudi ulikotoka. Yeye tulimzika zamani, na natumaini huko aliko jiko ni kubwa. Na mimi, ambaye waliniita Redio kwa sababu sikuwa na kitufe cha kuzimia. Uwanja wa saruji ulikuwa wa vijana wa mchana, nasi hatukuruhusiwa kuukanyaga. Kwa hiyo tulifanyia mazoezi ufukweni Kalundu, tukitumia kikapu cha samaki kilichotobolewa tako na kufungwa juu kwenye mti. Na hapa ndipo kila kitu kilipoanza kwenda upande wake. Mpira ukiudunda kwenye mchanga haurudi. Unakaa pale ulipoangukia kama kobe. Wiki ya kwanza tulijaribu kila namna, Ladislasi akautukana kwa lugha nne. Wiki ya pili Simeoni akasema, "Tuufanye kama gunia."

Anayejua bandari ameelewa tayari. Meli ikifunga gatini, magunia ya mchele hayabebwi na mtu mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Watu wanajipanga, gunia linapita mkono kwa mkono, na kila anayepokea hukutana na lile swali la mwenzake: iko ya nani? Anajibu: haiko yangu. Ilianza kama utani, maana kila kitu tulichokipitisha kilikuwa cha Kampuni, si chetu, lakini ilikuwa pia namna ya kazi. Ukisema haiko yangu mikono inaachia yenyewe, hupati muda wa kuchoka. Sisi tukaufanya mpira hivyo. Hatukuudunda hata mara moja. Uliondoka kwangu ukafika kwa Yakobo, kwa Mateso, kwa Ladislasi, ukarudi, ukazunguka, hadi Simeoni alipoukuta mikononi mwake karibu na kikapu na kuuweka ndani kama mtu anayeweka sufuria kwenye rafu. Hatukujua kuwa watu wengine hawachezi hivyo. Tulidhani kudunda ni mapambo ya watoto wa mchana, kama vile viatu.

Mechi ya kwanza ilikuwa Luberizi, dhidi ya wanafunzi wa ualimu, kwenye uwanja wa udongo uliopakana na mpunga. Ng'ombe walikuwa wamelala upande mmoja na hakuna aliyethubutu kuwaamsha. Wenzetu walidunda mpira kwenye vichuguu, mpira ukaenda ulikotaka, mara moja ukaenda hasa palipokuwa na kinyesi, na yule kijana akakataa kuugusa tena. Sisi mpira wetu haukugusa chini. Tulishinda, na ngozi moja ya mpira ikaachia kabisa. Mchunga ng'ombe mmoja alimpa Ladislasi kipande cha ngozi ya ng'ombe, akakishona usiku uleule. Hivyo ndivyo ilivyokuwa mwaka mzima: tukishinda mechi moja, Ladislasi anabadilisha kipande kimoja. Kilifuata kipande cha ngozi ya mbuzi wa kwao Yakobo. Kilifuata kipande kutoka kwenye kiatu cha zamani cha Monitere Anselmi, ambaye alikitoa mwenyewe akasema angalau kitakimbia zaidi kuliko kilivyokimbia mguuni kwake. Kile chenye alama ya Ulaya tu Ladislasi hakukigusa. Alikizunguka kwa heshima, kama vile unavyofagia kuzunguka miguu ya mgeni.

Baada ya mazoezi tulikula kwa Mama Veronika, mjane aliyekuwa na jiko nyuma ya ukuta wa kolegi. Nimekula katika hoteli tangu wakati ule, nimekula hata Brisele, Ulaya, mara moja kwa mwaliko wa mtoto wangu, lakini sijapata tena chakula kama kile: ugali wa muhogo uliong'aa, ndagala walioungwa kwa mawese na pilipili, sombe, yaani kisamvu, iliyopikwa hadi ikasahau kwamba iliwahi kuwa majani. Vyote kwenye sinia moja la bati, mikono mitano. Jiko lilikuwa jembamba, tuliketi magoti kwa magoti, na moshi ukatufanya sote tuonekane tumefiwa. Kupitia ukuta wa matete tulimsikia jirani yake akisema, "Banaume bazima kabisa, banakimbiza mupira kama batoto." Mama Veronika akamjibu bila kuinua sauti, "Bako na mupira siku moja moja tu. Bakishindwa, inarudi kwa Mupe. Weye una bwana kila siku na haumukimbizi." Mateso alicheka hadi akapaliwa na ndagala.

Tukavuka daraja la Ruzizi tukiwa juu ya lori la pamba, na karatasi ya ruhusa iliyosainiwa na Mupe Prefe, kwenda Usumbura. Uwanja wao ulikuwa wa saruji na watu walikuwa wengi, naweza kusema nusu ya mji, na waliipokea miguu yetu mitupu kwa kicheko. Waliacha kucheka taratibu. Tulipitisha mpira mara mia tatu kabla ya kurusha mara moja, na sauti zetu zikafuatana: haiko yangu, haiko yangu, haiko yangu. Kijana wao mmoja aligeuka kutufuata hadi akaketi chini, akashika kichwa. "Nyinyi munaimba ama munacheza?" akaniuliza. Yakobo akamwambia, "Ego, ndiyo, vyote viwili." Bukavu nao waliteremka kwetu wakiwa na masweta, wakakutana na joto la Uvira saa nane mchana. Waliomba maji. Mama Veronika akawaletea mtungi mzima, akawaambia kwa huruma ya mama, "Kunyweni, batoto bangu, kunyweni mingi." Walikunywa mingi. Kipindi cha pili ungeweza kusikia maji tumboni mwao wakikimbia.

Kila ushindi ulitupa mpira kwa wiki nyingine mbili, tatu. Huo ndio ulikuwa utajiri wetu. Ulilala kwa zamu kwenye nyumba zetu, na yule ambaye ulilala kwake alitembea siku iliyofuata kifua mbele. Basi lazima niseme sasa jambo ambalo siliongezi chumvi, na msomaji atajua kuwa ni kweli kwa sababu halinipendezi. Zamu yangu ilipofika, nilichukua mpira Jumapili mchana nikaingia nao kwenye depo la pamba, mahali penye sakafu ya saruji, nikaudunda. Pa, pa, pa. Ile sauti ya dirishani, safari hii ikitoka mkononi mwangu. Nilirudi Jumapili iliyofuata ya zamu yangu, na nyingine. Nilijifunza kuudunda nikitembea, nikikimbia, mkono wa kushoto, mkono wa kulia. Sikumwambia mtu. Mimi Redio, miezi miwili nikakaa na siri. Wakati wengine walisema haiko yangu, mimi nilikuwa nimeanza kuyasema kwa midomo tu.

Mwisho tulibaki sisi na vijana wa mchana, kolegi dhidi ya kolegi, kwenye uwanja wao tuliokatazwa mwaka mzima. Mupe Prefe aliamua kwamba nusu ya kwanza tutumie mpira wao na ya pili wetu. Watu walipanda hadi kwenye mapaa. Walitangulia, tukawafikia, wakatangulia tena kwa pointi moja, na muda ukawa umebaki kidogo sana. Ladislasi alinipa mpira, "Iko ya nani?" na mbele yangu hapakuwa na mtu hadi kwenye kikapu, wala hakuna aliyenitazama, kwa sababu kila mtu alijua sisi hatudundi. Simeoni alikuwa ameshafika upande wa pili, mkono juu, akingoja gunia lake. Nami nikadunda. Pa, pa, pa. Nilisikia uwanja mzima ukivuta pumzi. Nilipita wa kwanza, nikapita wa pili, na naapa kwa hatua tatu nilikuwa mtu mzuri kuliko wote kati ya Uvira na Bukavu. Kwenye ya nne mpira ulinigonga mguu. Ukaruka, ukaenda kupiga mguu wa chuma wa kikapu, penye bolti, na kile kipande cha mwisho, chenye alama ya Ulaya, kikapasuka kama mdomo. Filimbi ikalia muda mfupi baadaye. Simeoni alikuwa bado amesimama, mkono juu.

Hakuna aliyenitukana. Ingekuwa afadhali. Jioni ile kwa Mama Veronika, Simeoni alisema tu, "Mama, leo utoe sahani mbili," na Mama Veronika, bila kunitazama, akaweka sinia katikati yao wanne na sahani ndogo ya kando mbele yangu. Ndagala walewale, ugali uleule. Nilimeza kama mtu anayemeza karatasi. Darasani kesho yake Simeoni alihamia dawati la mbele, na mara ya kwanza tangu nijue kusema nilinyamaza imla nzima. Ladislasi aliuchukua mpira. "Huwezi kurudisha kitu ya muntu imepasuka," akasema, akimwambia Yakobo, ingawa mimi nilikuwa karibu zaidi. Akatoa kile kipande cha alama, akashona mahali pake ngozi iliyobaki ya ng'ombe wa Luberizi, mishono midogo kama punje za mtama. Siku ya tatu akauweka juu ya dawati langu. "Uliuangusha weye. Utaupeleka weye."

Nilimkuta Mupe Prefe barazani anakula supu. Nilisimama, nikampa mpira kwa mikono miwili, nikasema tumeshindwa, tumekuja kurudisha. Aliweka kijiko chini. Akauzungusha, akavaa miwani, akauzungusha tena.

"Redio, hii iko nini?"

"Iko mupira yako, Mupe."

"Mupira yangu ilikuwa na alama. Hii kipande iko nini?"

"Ng'ombe ya Luberizi, Mupe."

"Na hii?"

"Mbuzi ya Mutarule."

"Na hii nyeusi?"

"Iko kiatu ya Monitere Anselmi."

Alihesabu kwa kidole hadi nane, akaminya ndevu zake. "Na ile yangu iko wapi?"

Nilifikiri sana. "Iliisha pole pole, Mupe. Kila tukishinda, ikapungua."

Alinirudishia mikononi. "Mimi nilisema munirudishie mupira yangu. Hii siijui. Siwezi kupokea kitu ya batu." Akashika kijiko. "Siku mukiona ile yangu, muniletee." Supu yake ilikuwa imepoa, lakini aliinywa kwa furaha ambayo sikuielewa mpaka nilipokuwa nimefika getini. Nimeifikiria miaka mingi. Sijui kama alituonea huruma au alikuwa mtu wa haki tu, mtu asiyepokea alichokuwa hakutoa. Ninachojua ni kwamba kama tungeshindwa bila mimi kudunda, kile kipande cha alama kingekuwa mahali pake, na mpira ungelala stoo usiku ule. Hilo sikulisema kwao kwa miaka kumi. Kuna mambo ambayo hata redio hungoja wimbi zuri.

Niliteremka Kalundu nikikimbia. Walikuwa wameketi mchangani wanne, chini ya kile kikapu cha samaki, wakitazama maji kama watu waliokwisha kuzika. Waliuona mpira mikononi mwangu. Nikamtupia Simeoni. "Iko ya nani?" Aliushika. Aliuzungusha mapajani, akisoma ile mishono kwa kidole gumba, na mimi nilisimama nikijua kwamba akiuweka tu chini, nitarudi nyumbani peke yangu. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, "Haiko yangu," akamtupia Mateso. Mateso, Yakobo. Yakobo, Ladislasi. Ladislasi akauzuia kidogo, akanitazama, akatupa matusi mawili ya Kifuliiru ambayo sitayaandika, halafu akanitupia mimi. Nikasema, "Haiko yangu," na nikaupeleka. Ulizunguka hadi hatukuonana vizuri. Kwa Mama Veronika tulifika tumechelewa, akauliza sahani ngapi, na Simeoni akamwambia, "Sinia moja, Mama, kama siku zote. Sasa mupira iko ya hapa."

Mvua ya mwezi uliopita iliisha tukiwa bado tunakula. Mama Estera alikuwa amepika ndagala wale tuliowaokoa, kwenye sinia moja, na polepole sinia likawa tupu, akabaki samaki mmoja tu, mnono, katikati. Ladislasi alisogeza sinia mbele ya Yakobo. "Iko ya nani?" Yakobo akalisogeza kwa Simeoni. Simeoni akalisogeza kwangu. Mama Estera alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa mkononi, anangoja kuona wazee hawa watafanya nini. Nikamtazama yule samaki. Nikamla.

"Mumuone," akasema Simeoni, "anadunda tena." Akamwita mkewe alete ndagala wengine.